Helmeti za baiskeli sokoni: geuza ndani kabla ya kulipa

Kwenye maduka ya baiskeli Kariakoo, na kwenye mafungu ya mitumba ya Karume na Gikomba, helmeti hutundikwa uso ukimtazama mteja: rangi kali, matundu mengi, mistari ya mbio. Muuzaji naye husifia ganda. Analigonga kwa vidole, anasema "ngumu hii, sikia". Igeuze. Kinachookoa kichwa kiko upande wa pili, na ni kitu kinachoonekana cha ovyo: povu gumu, jeupe au jeusi, ndugu wa lile linalobana televisheni na friji ndani ya boksi.

Kazi ya povu hilo ni kupondeka. Kichwa kikigonga lami, fuvu linasimama ghafla huku ubongo ukiendelea na safari yake ndani. Sentimita mbili tatu za povu zinampa huyo msafiri nafasi ya kupunguza mwendo kabla ya kusimama. Ni tofauti ya kudondosha yai kwenye saruji na kulidondosha kwenye gunia la pumba. Ganda la nje, ambalo watu huligonga kupima ugumu, lina kazi ndogo zaidi: kufanya helmeti iteleze juu ya lami badala ya kunata na kuzungusha shingo, na kushikilia vipande vya povu visitawanyike pigo likitua. Helmeti yenye ganda gumu kama sufuria na povu jembamba ndani ni sufuria tu.

Faida yake si ya kubahatisha. Watafiti wawili wa Australia, Jake Olivier na Prudence Creighton, walikusanya tafiti 40 zenye waendesha baiskeli zaidi ya 64,000 walioumia. Waliovaa helmeti walikuwa na uwezekano pungufu kwa 51% wa kuumia kichwa, na kwa majeraha makubwa ya kichwa upungufu ulifika 69%. Uso ulipata nafuu ndogo, 33%. Shingo hakuna tofauti iliyoonekana, jambo linalojibu wale wanaodai kwamba helmeti huvunja shingo.

Lebo kwanza, rangi baadaye

Ndani ya helmeti, chini ya visponji, tafuta maandishi. Kwa bidhaa ya Ulaya namba ya kiwango cha usalama ni EN 1078. Kwa ya Marekani ni CPSC, herufi za tume ya nchi hiyo ya usalama wa bidhaa, na ndilo jina la kiwango chake. Kwenye mitumba ya Japani utakutana na alama ya SG. Hizo zote ni za kuaminika. Herufi CE peke yake hazitoshi, maana zimebandikwa hata kwenye chaja za simu na midoli.

Lebo ya EN 1078 iliyo kamili haiishii kwenye namba. Inataja mtengenezaji, jina la modeli, saizi kwa sentimita, uzito kwa gramu, na mwaka pamoja na robo ya mwaka ilipotengenezwa. Hapa ndipo waigaji huchoka: wanachapa "EN 1078" kwa herufi kubwa na kusahau yaliyobaki. Kuna kipimo rahisi kinachofanyika hapo hapo sokoni. Omba mizani ya muuza sukari, weka helmeti, linganisha na gramu za kwenye lebo. Helmeti nyingi za watu wazima zina kati ya gramu 250 na 400. Tofauti ya gramu chache ni kawaida. Lebo ikisema 310 na mizani ikasema 220, hiyo lebo ilitoka kwenye helmeti nyingine.

Wengi huuliza namba hizo zinathibitisha nini hasa. Kwa EN 1078, helmeti huvishwa kichwa cha chuma na kudondoshwa juu ya chuma bapa kwa kasi ya mita 5.42 kwa sekunde, sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita moja na nusu. Hudondoshwa tena, kwa kasi ndogo kidogo, juu ya chuma chenye umbo la ukingo wa barabara. Mshtuko unaofika kichwani haupaswi kuvuka mara 250 ya nguvu ya mvutano wa dunia. CPSC, ambayo ni sheria kwa helmeti zilizotengenezwa kuanzia Machi 1999, hudondosha kutoka mita mbili kwenye chuma bapa, yaani mita 6.2 kwa sekunde, lakini huruhusu mshtuko hadi 300. Moja inadondosha kwa kasi zaidi, nyingine inabana zaidi kwenye kinachofika kichwani. Sisi hatubagui kati yake.

Ukiigeuza hiyo mita 5.42 unapata kama kilomita 19.5 kwa saa, na mtu husema: mbona mimi kwenye mteremko nafika 35? Kinachopimwa ni kasi ya kichwa kushuka chini. Baiskeli ikiteleza kwenye mchanga ukaanguka ubavu, kichwa kinashuka kutoka kimo kile kile, uwe unakwenda 15 au 30. Kwa anguko la namna hiyo helmeti yenye lebo iko kazini kwake. Kwa daladala lililokugonga likiwa kwenye 60, iko nje ya mtihani wake. Inaweza kusaidia pale kichwa kinapotua chini, ila usiweke imani yako yote hapo.

Aina nne utakazokutana nazo

*Mpya, ya bei ya chini, haina lebo.* Hii ndiyo inayojaa zaidi mezani, na ndiyo tunayoikataa bila mjadala. Dalili zake: vipunje vya povu ni vikubwa na vinang'oka kwa ukucha, ganda limebandikwa kwa gundi au utepe kwenye ukingo na linaachana ukilivuta kidogo, mikanda imepigwa ribiti kwenye ganda badala ya kupita ndani ya povu. Funga kifungo cha kidevuni, shika mikanda kwa mikono miwili, vuta kwa nguvu kama unayefungua mfuko wa saruji. Kifungo kikiachia, au mkanda ukiteleza na kurefuka, rudisha mezani. Helmeti inayochomoka kichwani kabla ya kichwa kufika chini haijalinda chochote.

*Mpya, ya kawaida, yenye lebo kamili.* Chukua hii. Si lazima iwe ya mbio wala ya jina kubwa. Chuo kikuu cha Virginia Tech cha Marekani hupima helmeti za baiskeli na kuzipa nyota, na moja ya mambo ambayo orodha yao imeonyesha ni kwamba bei haiendi sambamba na ulinzi: Align II ya Specialized, ambayo ni ya wanunuzi wa kawaida kwenye orodha ya kampuni hiyo, ilipata nyota 5. Pesa ya ziada kwenye helmeti ghali hununua zaidi wepesi, matundu na upepo. Kwa anayepanda kutoka Mbezi hadi Posta kwenye joto la Februari upepo huo si anasa, tunakiri, lakini uitwe kwa jina lake.

Baadhi zina alama ndogo ya njano iliyoandikwa MIPS. Ni teknolojia ya Sweden: ngozi nyembamba ya plastiki kati ya povu na kichwa, inayocheza milimita 10 hadi 15 kila upande ili pigo la pembeni lisizungushe kichwa kwa ukali. Kibandiko cha njano peke yake si ushahidi. Shika ganda kwa mkono mmoja, sukuma ile ngozi ya ndani kwa vidole: ikicheza na kurudi, ipo. Isipocheza, au usipoiona kabisa, umeuziwa kibandiko.

*Mtumba.* Hapa tunakuwa wakali kuliko wauzaji wanavyopenda. Povu hili likishapondwa mara moja limemaliza kazi, na hujirudisha kidogo kiasi kwamba jicho halioni chochote. Mwenye helmeti ile huko Osaka au Hamburg huenda aliitupa kwa sababu alinunua mpya. Huenda pia aliitupa kwa sababu alianguka nayo. Fungu la mitumba halikuambii ni ipi.

Ukiwa huna njia nyingine, ifanyie hivi. Ng'oa visponji vyote. Ufa hujificha chini yake. Inua helmeti kwenye mwanga wa jua na ufuate kila ukuta mwembamba kati ya matundu, hasa sehemu ya paji na ya panja. Ganda lenye mikunjo kama ya karatasi iliyokunjuliwa, au lililokwaruzwa sana sehemu moja, linaonyesha pigo. Bana pande mbili kwa viganja, taratibu: mlio wa kukwaruzana ndani una maana povu limeachana. Kisha angalia tarehe. CPSC inashauri kubadilisha helmeti kila baada ya miaka 5 hadi 10. Yenye mwaka 2011 kwenye lebo haistahili hata bei ya soda, hata kama inang'aa. Isiyo na tarehe ihesabu kuwa nzee.

*Kofia ya ujenzi na helmeti ya pikipiki.* Ile kofia ya plastiki ya mafundi wa majengo inavaliwa sana na waendesha baiskeli na abiria wa bodaboda, na tunaelewa kwa nini: ipo, ni rahisi, na trafiki akitazama kwa mbali anaona kitu kichwani. Ilitengenezwa kwa msumari au tofali linalodondoka kutoka juu na kutua utosini. Ndani ina mikanda ya kuning'inia tu, pembeni haina kitu, na wengi hawaifungi kidevuni. Ukianguka ubavu inaruka kabla yako. Helmeti ya pikipiki ni habari nyingine: inalinda vizuri, ila nyingi zinakaribia au kupita kilo moja na nusu, zinaziba masikio, na mtu anayetumia miguu yake kama injini hawezi kuivumilia mchana. Baada ya kilomita tatu inakuwa imetundikwa kwenye usukani, na usukani haupati mtikisiko wa ubongo.

Kukaa kichwani

Nusu ya helmeti nzuri tunazoziona barabarani zimevaliwa vibaya kiasi cha kuwa pambo. Kosa kubwa ni kuisukuma nyuma hadi paji lote liko wazi, kama mtu anayepunga upepo barazani. Ukianguka kwa mbele, kinachotangulia ni paji.

Anza na saizi. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kichwa kwenye upana wake mkubwa, vidole viwili juu ya nyusi, ukipitisha kwenye kisogo. Ukipata sentimita 57, tafuta helmeti ambayo lebo yake ina 57 katikati, kama 55–59. Usichukue ambayo 57 iko ukingoni ukitegemea kirungu cha nyuma, kile cha kuzungusha, kukaza: kirungu kinabana kisogo tu, pembeni inabaki inacheza.

Ivae ikae bapa, ukingo wa mbele ukiwa vidole viwili juu ya nyusi. Kaza kirungu hadi itulie bila kuuma. Mikanda miwili ya kila upande ikutane chini kidogo ya ndewe ya sikio, ikitengeneza herufi V. Ile plastiki inayoiunganisha huteleza, kwa hiyo isogeze na uibane. Mkanda wa kidevuni uache kidole kimoja kipite. Sasa piga mwayo mkubwa: helmeti ivutike chini kichwani. Halafu weka kiganja chini ya ukingo wa mbele na usukume juu na nyuma. Ikirudi hadi paji kuwa wazi, fupisha mkanda wa mbele wa sikio. Rudia kutoka nyuma. Ikikufunika macho, kaza mkanda wa nyuma. Marekebisho haya yanachukua dakika tano mara moja tu, na wengi hawajawahi kuyafanya tangu siku ya kununua.

Nywele zina mchango wake. Rasta nene au msuko uliofungwa fundo utosini huinua helmeti ikakaa juu kama kifuniko kisichoenea chungu. Fundo lishushwe chini ya kisogo, na baadhi ya modeli zina nafasi hapo chini ya kirungu. Hijabu nyepesi isiyo na pini wala kofia nene chini yake haina shida. Pima saizi ukiwa umeivaa. Kilemba hapana. Barghashia nayo itie mfukoni.

Kwa watoto kuna jambo moja ambalo halisemwi dukani. Mtoto akishuka kwenye baiskeli, helmeti ivuliwe kabla hajapanda mwembe au bembea: inaweza kunasa kwenye tawi na mkanda ukamkaba. Ndiyo maana Ulaya ina kiwango cha pekee kwa watoto wadogo, EN 1080, ambacho kifungo chake huwa cha kijani na huachia chenyewe kikivutwa kwa nguvu. Hicho ni cha kuchezea uani, si cha barabara kubwa. Na mtoto anayebebwa kwenye keria anahitaji helmeti kama anavyoihitaji aliyeshika usukani, pengine zaidi, kwa sababu hana pa kujishikia anapoanguka.

Inaharibikaje bila kuanguka

Petroli huyeyusha povu hili, na tina ya rangi vivyo hivyo. Usiifute kwa petroli, usiipake rangi ya kupulizia, usiihifadhi karibu na dumu la mafuta. Baadhi ya dawa za mbu za kupaka hushambulia plastiki ya ganda, kwa hiyo nawa mikono kwanza. Maji na sabuni ya kawaida vinatosha. Ndani ya gari lililofungwa juani ganda linaweza kufura na kuachana na povu. Ukiona kama malengelenge juu ya rangi, imekwisha. Visponji vinavyonuka vifue, si sababu ya kutupa helmeti. Mikanda iliyokakamaa kwa chumvi ya jasho iloweke, lakini iliyoanza kutoka nyuzi haishonwi.

Na baada ya anguko lolote ambalo helmeti iligusa chini, inunuliwe nyingine. Ndiyo, hata kama haina alama.

Yanayotangulia helmeti

Tunaandika haya kwenye tathmini ya helmeti kwa sababu fedha ni ile ile. Mwenye bajeti ya kitu kimoja na anayepanda usiku, anunue taa ya nyuma kwanza.

Gari lililo kwenye 60 hukata karibu mita 17 kila sekunde. Dereva anahitaji sekunde moja au zaidi kung'amua na kukanyaga breki, kisha gari lenyewe linahitaji nafasi ya kusimama. Shati jeusi bila taa linaonekana kwa kuchelewa kuliko hesabu hiyo inavyoruhusu. Dainamo ya chupa iliyozoeleka kwenye Phoenix na wenzake ni ya volti 6 na wati 3: wati 2.4 kwa taa ya mbele na 0.6 kwa ya nyuma. Inafanya kazi vizuri hadi unaposimama. Ukisubiri kuvuka, gurudumu halizunguki, na wewe umetoweka. Kwa hiyo ongeza taa nyekundu ya betri nyuma, au angalau kiakisi kikubwa chekundu na vipande vya stika za malori kwenye madigadi. Vesti ya reflekta ya bodaboda inafaa pia, ilimradi begi la mgongoni lisiifunike.

Breki za vyuma zinazobana rimu ya chuma hupoteza nguvu nyingi mvua ikinyesha, kwani raba huteleza juu ya kromu iliyolowa. Zishike kidogo kidogo mapema ili zifute maji, na uanze kusimama mbali zaidi ya kawaida. Kwenye barabara kuu, pale ukingo wa lami ulipobomoka na kuacha ngazi ya kushuka, usipande ukigusa ukingo: acha kama nusu mita, ili lori likikupitia karibu uwe na mahali pa kukwepea kabla ya kudondoka. Ukifika kituoni na daladala imeegea, tazama magurudumu yake ya mbele. Yakianza kukata kulia, inarudi barabarani na dereva hajakuona. Na lori lililowasha indiketa ya kushoto usilipite kwa kushoto hata likiwa limesimama. Likikata, sehemu ya nyuma inakuja upande wako, na hakuna helmeti iliyotengenezwa kwa hilo.

Wanaobeba magunia ya mkaa na madumu wana tatizo la pekee: mzigo hufunika taa ya nyuma na kiakisi, na mara nyingi mwenye baiskeli hajui. Taa ifungwe kwenye mzigo wenyewe, upande wa kulia, kwa kamba ya mpira, baada ya kumaliza kupakia. Kabla ya kuondoka rudi nyuma hatua kumi na uangalie kama inaonekana.